Twyfelfontein saa sita mchana: dereva aliyeniambia "mawe ni mawe tu"

Nianze na hukumu, asiye na muda achukue aondoke: Twyfelfontein, kule Namibia kwenye michongo ya kale ya mawe, nendeni; kampuni iliyonipeleka mimi ikimbieni. Jina lake silitaji. Nikilitaja sitaishia hapo, na haya yanaweza kusomwa na watoto.

Ratiba waliyonitumia ilikuwa fupi na tamu. Michoro ya kale, asubuhi. Mlima wa rangi, jioni. Mimi nililipia asubuhi na nikalipia jioni. Muulize yeyote aliyefika Damaraland, huko kaskazini-magharibi mwa Namibia, atakuambia jangwa lile lina sura ya alfajiri, lina sura ya magharibi, na lina sura ya mchana ambayo ndiyo mbaya kuliko zote. Kampuni inalijua hilo fika. Si wameliandika wenyewe!

Siku yenyewe, kuelekea mwisho wa mwaka, joto la kumkausha mtu midomo kabla hajamaliza sentensi, dereva wetu alituegesha kituo cha mafuta pale Khorixas akazama kwenye simu yake. Akaja mtu, wakapiga soga. Huyo akaondoka, akaja mwingine. Mimi nipo dirishani natazama jua linavyopanda. Mwishowe nikashuka, nikamfuata kwa adabu zangu zote: samahani kaka, si tulikubaliana michoro ni asubuhi? Hata kichwa hakugeuza. "Dada, mawe ni mawe tu. Jana yalikuwepo, na kesho yatakuwepo."

Mawe ni mawe tu. Mtu anayekula na kulipa ada za watoto wake kwa kuwapeleka wageni kuangalia mawe! Nilibaki nimesimama pale juani nikitafuta la kumjibu, na mpaka leo bado natafuta.

Tulipoondoka, tukapita bila kusimama kwenye ule msitu uliogeuka mawe, ambao uko njiani kabisa, magharibi mwa Khorixas. Ni magogo yaliyosombwa na mafuriko miaka milioni 280 hivi iliyopita, yakafukiwa, mti ukaondoka punje kwa punje na nafasi yake ikajazwa na madini, hata pete za umri wa mti zinaonekana. Nilikuwa nimesoma hayo usiku mzima. Nikauliza, hatusimami? "Tumechelewa." Nani alituchelewesha? Kimya.

Saa sita na kitu tukafika Twyfelfontein. Pale huingii bila mwongozaji wa palepale, na wengi wao ni wenyeji wa eneo hilo. Huo ni utaratibu mzuri, nausifia bila kinyongo. Kituo chao cha wageni nacho kimejengwa kwa ubunifu: mapipa ya mafuta yaliyokwisha kazi yamekatwa, yakanyooshwa, yakawa paa. Tulipewa binti mmoja mpole, kofia pana, fimbo mkononi. Alilitazama jua, akamtazama dereva wetu, akasema neno moja kwa lugha yao yenye vidoko, ile milio ya kudokoa ulimi. Sikulielewa, ila naamini nilikubaliana nalo.

Sasa nieleze kwa nini saa ilikuwa na uzito kwangu, msije mkaniona mgeni mdekaji. Sehemu kubwa ya kazi iliyoko pale haikupakwa rangi. Imechongwa. Mawe yale ya mchanga yana utando wa kahawia iliyokolea, uliojijenga polepole mno. Wale wawindaji wa kale walichukua jiwe gumu zaidi wakagonga, wakagonga, utando ukabanduka, rangi nyepesi ya ndani ikatokeza. Walifanya hivyo kwa angalau miaka 2,000, na wametuachia michongo zaidi ya 2,000: vifaru, tembo, mbuni, twiga, na nyayo nyingi sana, za watu na za wanyama. Lakini michongo nayo imezeeka, imevaa utando wake. Tofauti ya rangi iliyobaki ni ndogo. Kinachomtoa twiga ndani ya jiwe leo ni kivuli kilicholala ndani ya kila kidonda cha ule ugongaji. Jua likija ubavuni, vidonda vinajaa kivuli, mnyama anasimama. Jua likiwa utosini hakuna kivuli, na mnyama hayupo.

Ndivyo ilivyokuwa. Binti anaonyesha kwa fimbo, "hapa shingo, hapa miguu," na sisi tunakodoa macho kwenye jiwe jekundu linalowaka. Mzungu mmoja kwenye kundi letu alipiga picha kwa heshima tu.

Na hapo ndipo dereva wangu, ambaye alitufuata mpaka juu ili kutuharakisha, akaona atusaidie. Akafungua chupa yake ya maji. Akaziba nusu ya mdomo wa chupa kwa kidole gumba, akarusha. Maji yakaruka ule uzio mfupi, yakatua kwenye jiwe, yakateremka kwenye shingo ya twiga, na kweli, jiwe likawa jeusi na shingo ikajitokeza. "Haya, pigeni picha upesi kabla halijakauka."

Yule binti mpole hakuwa mpole tena. Aliruka mbele yake na kumshika kiwiko. Alimwambia kwa Kiingereza, ili sote tusikie, kwamba maji huyeyusha chumvi zilizomo ndani ya jiwe, jiwe likikauka zile chumvi zinapanda juu na kuganda, zinasukuma uso wa jiwe, na siku moja uso huo unabanduka pamoja na mchongo wake. Kwamba mahali pale pamelindwa na sheria tangu mwaka 1952, na mwaka 2007 UNESCO ilipaingiza katika Urithi wa Dunia, pa kwanza Namibia. Dereva akacheka. "Kwani mvua hainyeshi hapa?"

Nilitamani ardhi immeze. Lakini jibu alilopewa lilinifurahisha kuliko safari yote kufikia hapo. Binti alisema: mvua hainyeshi kwa sababu ya picha yako. Kisha akaendelea, sauti imeshuka, kwamba kati ya mawe yote yale ni kibao kimoja kidogo tu kilichohamishwa, kikapelekwa makumbusho ya taifa Windhoek. Mengine yote yamebaki pale wachongaji walipoyaacha. Wewe unasema kesho yatakuwepo. Yatakuwepo kama wewe hutakuwepo.

Halafu akatoa kioo kidogo mfukoni, cha kujitazama usoni. Akakikamata chini, karibu na ardhi, akaudaka mwanga wa lile jua la utosini na kuutupa kwenye jiwe kwa ubavu. Jamani! Shingo, mgongo, madoa, mkia, vyote vikainuka kwa wakati mmoja. Ukikaribia unaona kila pigo peke yake, kitobo kando ya kitobo, vingine vimeenda chini zaidi kana kwamba mkono ulikasirika kidogo. Akikizungusha kioo, mnyama anazama. Akikirudisha, anatoka. Hakuna aliyeomba maji tena.

Kwa kioo hicho nikamwona yule simba maarufu. Mkia mrefu ajabu, umepinda kona kali, na miguu ina vidole vitano vitano, wakati unyayo wa simba wa kweli huonyesha vinne. Wanaosomea mambo haya wanasema ni mganga aliyegeuka simba akiwa katika ngoma zake, na kwamba kidole cha tano ni mtu aliyebaki ndani ya mnyama. Karibu naye kuna sili, mnyama wa baharini. Kuna na ndege ambaye wengi humsoma kuwa pengwini. Bahari iko umbali wa karibu kilomita 100, jangwa tupu katikati, na kuna mtu alikwenda kwa miguu, akaona, akarudi na kuwaonyesha wenzake jiweni. Nilitaka kukaa hapo mpaka jioni.

Nilipewa dakika kumi. Nazijua kwa sababu dereva alizihesabu kwa sauti. Ile njia nyingine, ya mchongo wa tandala anayecheza, ambayo nayo ilikuwa kwenye ratiba, hatukuikanyaga. "Mkishaona mmoja mmeona wote." Nilikuwa nimeshafika pale ambapo mtu hajibu tena, anahema tu.

Tukaenda kwenye Filimbi za Mawe, Organ Pipes kwenye ramani: korongo dogo lenye nguzo za mwamba uitwao doleraiti, zilizosimama bega kwa bega. Magma, yaani mwamba ulioyeyuka chini ya ardhi, ilipenya pale miaka milioni 130 hivi iliyopita, ikapoa taratibu, na ilipopoa ikasinyaa na kupasuka kwa mistari iliyonyooka. Hapo sina malalamiko. Nguzo ni nguzo, hata mchana.

Ila Mlima Ulioungua, ule mlima wa rangi wa kwenye ratiba! Tulisimama kando ya barabara, injini inanguruma, dirisha nusu. "Ndio huo." Nikatazama. Rundo la majivu ya jikoni ambalo hakuna aliyekumbuka kulitupa. Saa nane mchana mlima ule ni mweusi wa vumbi na kijivu, basi. Mwenzangu wa kiti cha nyuma akauliza kama tumefika au bado. Tukaondoka.

Sasa sikilizeni. Jioni ile, kwenye malazi yetu, mzee mmoja na mkewe waliokuwa na gari lao la kukodi waliniona nimenuna kwenye kahawa yangu. Yule mama akaniuliza kuna nini, nikammwagia yote kuanzia kituo cha mafuta. Wakatazamana. "Twende, binti, bado hakujachwa." Wakanipeleka.

Mlima ni uleule. Nilipasimamia palepale, naapa. Lakini jua lilikuwa limelala, na lile rundo likaanza kubadilika kwa vipande. Chini kukawa na zambarau. Juu yake wekundu wa kutu, kisha mstari wa machungwa ambao dakika chache kabla ulikuwa kijivu. Mzee akanieleza vizuri kuliko yeyote aliyelipwa na pesa zangu: chini kulikuwa na matabaka ya tope la kale lililogeuka mwamba, ile magma ya doleraiti ikapenya kati yake, ikayaoka, kila tabaka likatoka na rangi yake kulingana na madini na mabaki ya mimea na wanyama yaliyokuwamo. Jua la utosini linazifuta rangi hizo zote. La jioni linazirudisha.

Mtu mwingine angetulia hapo, akashukuru Mungu. Mimi ndipo hasira iliponipanda upya, mara mbili ya mwanzo. Mchana nilidhani nimedanganywa kuhusu mlima. Jioni nikajua mlima ni wa kweli na mimi ndiye niliyenyimwa, na wenzangu wa kwenye gari mpaka leo wanasimulia makwao kwamba Mlima Ulioungua ni rundo la majivu. Hilo siwezi kulisamehe.

Haya, haki itendeke. Gari lilikuwa zima, viyoyozi vinafanya kazi, na zile barabara za changarawe haziogopi mtu, lakini hatukupata pancha hata moja. Chakula kilikuwa kizuri. Dereva mwenyewe anaendesha vizuri sana, nisimwonee, na tembo wa jangwani walipotokea kwenye mto mkavu yeye ndiye aliyewaona wa kwanza, akazima injini akatuacha tuwatazame mpaka tukachoka. Kwa tembo anajua subira. Kwa hiyo si mtu mbaya. Au ni mbaya kwa mawe tu, sijui. Nilikuwa nimempa nyota moja, nikapandisha zikawa tatu kwa ajili ya wale tembo, halafu nikaikumbuka ile chupa ya maji na kidole gumba, nikarudisha moja. Ibaki hivyo.

Ofisi yao imenijibu, tena kwa lugha nzuri: wanasikitika kwamba matarajio yangu hayakutimia, na wananipa punguzo kwa safari ijayo. Punguzo lenyewe si dogo, na yule tandala anayecheza bado ananidai. Nimewaandikia kwamba narudi nao kwa sharti moja, kwenye risiti iandikwe: michongo saa moja asubuhi, Mlima Ulioungua saa kumi na moja jioni, na pembeni muhuri wa kampuni. Wameniuliza muhuri ni wa nini.