Duka la stima nyuma ya Ngome, Lamu: nyota tano

Jamani kama uko Lamu na stima ya nyumba yakusumbua nenda lile duka dogo nyuma ya Ngome, kichochoro cha kuelekea mtaa wa Langoni, utaona mawaya yamening'inia mlangoni.

Kisa changu, kuna fundi alinifungia taa mbili za wati 60, moja dakani, yani pale barazani mlangoni, moja ndani, siku ya kwanza tu zikawaka nyekundunyekundu kama makaa yanayotaka kuzima. Akanambia globu mbovu. Nikanunua ya wati 100 nikatia dakani, ndo ikawa ajabu zaidi, hii ya 100 imefifia na ile ya 60 ndo yang'ara! Na ukichomoa globu moja zote zazima.

Nikazipeleka dukani nibadilishiwe. Ami mwenye duka angeweza kuniuzia nyingine akala pesa yake, lakini alizitazama akasema "mwanangu, globu zako nzima, kosa liko kwenye waya." Ana ubao wa holda mbili, akazifunga kwa kufuatana, yani umeme upite ya kwanza ndo ufike ya pili, na pale pale nikaona yale yale ya nyumbani, ya 100 uzi wake mwekundu tu. Akaweka mita, ile volti 240 imegawika na ya 60 imechukua fungu kubwa, maana uzi wake ni mwembamba wazuia umeme zaidi, na umeme unaopita ni ule ule mmoja kwa zote mbili, kwa hivo yenye kuzuia zaidi ndo yapata moto zaidi. Kisha akahamisha waya, kila globu ikawa na njia yake na 240 yake kamili, sasa ya 100 ikaishinda ya 60 waziwazi. Akachomoa moja, mwenzake hakutikisika. Mashaallah, nimesomeshwa haya shule lakini sikuwahi kuyaona!

Kesho yake kijana wake akaja, kwa muda wa saa moja kazi imekwisha, kajaribu kila swichi mbele yangu.

Lawama yangu moja tu, duka lafungwa adhuhuri mpaka karibu alasiri, na LED za mwanga wa manjano sikupata. Halafu ami kasema LED usizifunge kwa kufuatana hata kidogo, zina saketi zao ndani, zaweza kumetameta au zisiwake kabisa.

Watoto sasa wanasomea dakani baada ya isha.