Mashine ya presha ya kuoshea magari: upime mpira kwanza

Mkesha wa Idi, foleni ya Noah na RAV4 za kukodisha imefika barabarani, mashine yetu mpya ikaanguka chali. Kijana alikuwa akizungukia upande wa pili wa gari, mpira ukafika mwisho, akauvuta kama anavuta ng'ombe mkaidi, na mashine ikamfuata. Kiungio cha plastiki kikakatika papo hapo. Gari tisa zilizobaki tulizimaliza kwa ndoo, na mteja mmoja aliondoka na povu kwenye taa.

Mashine ile niliinunua mimi mwenyewe, hapa Unguja, Darajani, kwa kutekwa na namba kubwa iliyoandikwa kwenye boksi. Mpira wake mita tano, plastiki ngumu, ukiuachia tu unajikunja. Hebu tupige hesabu. Kuizunguka Noah moja kwa mpira huo unaihamisha mashine mara tatu au nne, na kila mara ni kuinama, kuburura waya wa umeme kwenye maji na kuukunjua mpira upya. Gari kumi kwa siku, hizo ni safari thelathini na kitu, na hakuna mteja anayezilipa. Siku hizi nguvu ya mashine naiuliza mwisho.

Ya kwanza kwangu, na mapenzi yangu siyafichi, ni Kärcher, ya Wajerumani. Lakini zile za kijivu za kazi, si za manjano za nyumbani. HD 5/15 C inakuja na mpira wa mita 10: unaiweka mashine pembeni, huigusi tena mpaka gari iishe. Jina lenyewe linasomeka: 5 ni kama lita 500 kwa saa, 15 ni presha ya bar 150. Ziangalie hizo lita. Mchanga wa Paje uliojazana nyuma ya matairi unaondoshwa na maji mengi. Presha kali peke yake itakubandulia rangi iliyochoka. Bei yake inauma. Nimeilipa, na nikiilipa tena sitolia.

Ya pili ni K 5, Kärcher ya manjano, kwa sharti ununue na ule mpira wa kuongezea wa mita 10, unaouzwa peke yake. Mota yake inapozwa kwa maji, kwa hiyo inastahamili kuliko wadogo zake wanaopozwa kwa hewa, ila usiikalie kutwa nzima.

Ya tatu ni ya petroli yenye injini ya Honda GX160. Aliyekuwa kazini kwenye kile kiza cha Unguja, umeme ulipokatika kisiwa kizima Disemba 2009 mpaka Machi 2010, haina haja ya kumweleza kwa nini. Kelele zake zitakugombanisha na majirani, na ukisahau kuangalia oili umeizika.

Za bei rahisi ni za kuoshea gari yako mwenyewe siku ya Jumapili. Basi.

Kama mashine unayo tayari, nunua mpira mrefu wa raba. Na hapa ndipo wauzaji wetu wananitoa roho. Nati nyingi ni M22, yaani uzi wa milimita 22, lakini pini ya ndani ina saizi mbili, milimita 14 na milimita 15. Ya 14 ukiitia kwenye tundu la 15 inafunga vizuri kabisa kwa macho. Ukiwasha, maji yanakuruka usoni. Nilikwenda kutafuta mpira wa mashine yetu ya petroli, nikamuuliza muuzaji mmoja Mlandege ni saizi gani. "Hii orijino, dada." Nikauliza tena, akanionesha rangi. Nikaununua, ukavuja, nikaurudisha, akaukataa: "Umeshaurowesha." Kumbe Kariakoo mpira kama ule unauzwa karibu nusu ya bei niliyompa, na hiyo nauli ya boti wanayotusingizia haifiki huko!

Sasa dukani naingia na ncha ya mpira wangu wa zamani ndani ya mkoba. Naiweka juu ya meza, nalinganisha pini kwa pini, naye anasimama ananitazama, na pesa bado ninayo mimi.