Tahadhari: Hilux ya 2010 "iliyotoka Japani" inayozungushwa Dar

Wakuu, habari za kazi. Kuna dabo kebini ya dizeli, Hilux ya mwaka 2010, rangi ya fedha, injini 3.0 D-4D, inazungushwa na madalali hapa Dar es Salaam kwa milioni 42. Sifa zake: imetoka Japani moja kwa moja, imetembea kilomita 86,000, haijawahi kufungwa tela. Yote matatu ni uongo. Jina la muuzaji siliweki kwa sababu kuna mtu ameshafungua jalada polisi na sitaki kumharibia. Namba ya usajili nayo haitawasaidia, maana kwenye picha za sasa wameifunika.

Aliyekuwa anaitaka ni shemeji yangu. Anakaa Kibaha, kazi yake Kariakoo, na msimu wa kilimo anavuta tela la mbolea na miche mpaka Kilolo, maana yake anapanda mlima mkali wa Kitonga na mzigo. Alinibeba twende wote kwa kuwa mimi nina pikapu ya injini hiyo hiyo kwa miaka mingi, na kelele zake nzuri na mbaya nazijua. Tukamchukua na fundi wetu.

Nianze na hilo la Japani, kwa sababu ndilo linalowakamata wengi. Toyota iliacha kuuza Hilux nchini Japani mwaka 2004, ikairudisha Septemba 2017. Kwa hiyo Hilux ya 2010 iliyouzwa mpya na Toyota kwa Mjapani haipo. Hizi tunazoziita Vigo zilitengenezwa Thailand, Afrika Kusini na kwingineko, zikauzwa nchi nyingine, na zinatufikia kupitia Uingereza, Dubai, Thailand kwenyewe au Durban. Si dhambi kutoka huko. Dhambi ni kumwonyesha mteja karatasi ya mnada yenye maandishi ya Kijapani, kama tuliyoonyeshwa sisi, iliyoandikwa daraja la 4 na kilomita 86,000. Kwenye karatasi ile nafasi ya namba ya chasisi ilikuwa imefifishwa kwa fotokopi.

Namba ya chasisi yenyewe inasema. Toyota iliyouzwa kwa mteja wa ndani ya Japani ina namba fupi: herufi na tarakimu za modeli, kistari, halafu tarakimu. Ukikuta Toyota yenye namba ndefu ya herufi na tarakimu 17, hiyo haikutengenezwa kwa soko la Japani. Ikianza na MR0 limetengenezwa Thailand, AHT ni Afrika Kusini. Hii ilikuwa MR0. Nilipomwambia dalali, akajibu, "Bosi, hizo namba wanachanganya bandarini." Bandari haichongi namba kwenye chuma! (Na kwa wanaotafuta Land Cruiser pikapu: zile zilizouzwa Japani mwaka 2014 na 2015 zilikuwa za petroli. Ukiambiwa ni dizeli ya Japani ya mwaka huo, aga uondoke.)

Sasa kilomita. Kwenye kona ya kioo cha mbele kulikuwa na alama ya duara ya gundi, pale Waingereza walipokuwa wanabandika stika ya kodi ya barabara kabla stika hiyo haijafutwa Oktoba 2014. Fundi akaniita kwenye mlango wa nyuma. Chini kabisa ya kioo, kwa maandishi meupe madogo ambayo ungedhani ni uchafu, ilichongwa namba ya usajili: herufi mbili, namba 60, halafu herufi tatu. Hiyo 60 Uingereza ilianza kutolewa Septemba 2010. Mwenye gari wa huko alichonga kuzuia wezi, na waliolileta huku hawakujua ipo.

Nikaingia kwenye simu palepale. Serikali ya Uingereza ina ukurasa wa bure ambao ukiingiza namba ya gari unaonyeshwa ukaguzi wote wa kila mwaka, na kila ukaguzi una maili zilizosomwa siku ile. Ukaguzi wa mwisho wa gari hili ulifanyika 2021 likiwa na maili 143,000. Zidisha kwa 1.6, unapata kama kilomita 230,000. Chini yake mkaguzi ameandika kutu kwenye chasisi, miaka miwili mfululizo. Hapo ndipo nikaelewa kwa nini spidomita ilikuwa ya kilomita tupu wakati magari ya Uingereza yanasoma maili: wamebadilisha dashibodi nzima, na skrubu zake zina mikwaruzo.

Msidhani kurudisha kilomita ni suala la bei tu. Injini hii ina mkanda wa taimingi, unaoendesha valvu zisigongane na pistoni, na masoko mengi unabadilishwa karibu na kilomita 150,000. Mnunuzi anayesoma 86,000 anajihesabia bado ana safari ndefu mbele, kumbe labda mkanda umepitiliza zamani. Ukikatika ukiwa Kitonga na tela nyuma, valvu zinapiga pistoni na hedi imekwisha.

Tela? Tulilala chini ya gari. Chasisi yote imepakwa rangi nyeusi mbichi, bado inanukia. Gari la umri ule halina sababu ya kuwa jeusi linang'aa kule chini. Fundi akagonga kwa mpini wa spana kuanzia mbele: ti, ti, ti, mlio mkavu wa chuma. Alipofika juu ya springi za nyuma mlio ukawa mzito kama wa boksi la karatasi, na rangi ikabanduka na magamba ya kutu. Nyuma ya bampa kuna matundu manne ya bolti yaliyopanuka, na waya za taa za tela zimekatwa na kuvingirishwa utepe. Springi zimeongezwa jani moja jipya kila upande ili mkia ukae juu. Gari hili limevuta vitu vizito maisha yake yote.

Injini nayo ilikuwa imeandaliwa. Tuliahidiana saa tatu, tukafika mapema makusudi, tukakuta boneti ina joto. Dizeli yenye nozeli mbovu (zile zinazopuliza dizeli ndani ya injini) hujitaja asubuhi ikiwa baridi: inagonga, inatoa moshi mweupe, inachelewa kushika. Ikishapata moto inatulia na kukudanganya. Oili kwenye kijiti ilikuwa ya njano kama asali, na nzito mno. Dizeli hugeuza oili nyeusi upesi, kwa hiyo hiyo ilimwagwa jana yake, na kwa uzito ule nadhani waliichanganya na oili ya gia kuficha moshi. Fundi alipofungua kifuniko cha oili injini ikiwa inaunguruma, moshi ulitoka kwa kusukumwa. Mvuke kidogo ni kawaida, lakini si wa kukupiga usoni. Halafu tukazungusha ufunguo bila kuwasha: taa ya betri na ya oili zikawaka, taa ya injini haikuwaka kabisa. Imezibwa kwa nyuma, na dashibodi ilikuwa imeshafunguliwa tayari.

Tukakataa. Dalali akaleta wimbo wa siku zote, kwamba mwenye gari anasafiri na kuna mtu anakuja saa nane na pesa taslimu, tuache hata kishika nafasi. Shemeji alikuwa ameshatoa simu. Nikamwambia hakuna hela inayotoka hapa. Baadaye kijana mmoja wa Mbagala, ambaye fundi wetu anamfahamu, akasema aliacha milioni 3 kwa gari hilo hilo. Wiki ile ile akaambiwa mwenye gari amebadili mawazo na pesa zake "zinashughulikiwa". Ndiye aliyekwenda polisi. Kwa hiyo sidhani hata wana haraka ya kuliuza. Linawaingizia zaidi likiwa limeegeshwa.

Msidanganywe pia na "namba E". Herufi ya usajili inaonyesha gari limesajiliwa lini hapa Tanzania, haionyeshi limetoka kiwandani lini. Kadi tuliyoonyeshwa ilikuwa nakala. Halisi, walisema, iko kwa wakili. Pengine iko benki na gari lina mkopo. Nenda na namba yake TRA kabla ya kuandikishiana mkataba, na angalia deni la faini za trafiki, maana wewe ndiye utakayesimamishwa nalo.

Kama umeshanunua pikapu ya injini hii na kilomita zake unazitilia shaka, usifunge tela kwanza. Badili mkanda wa taimingi na roli zake bila kujali spidomita inasema nini. Kisha fundi afungue sampu (bakuli la oili chini ya injini) atazame chujio la oili lililo ndani yake. Zile washa (ringi ndogo) za shaba za nozeli zikivuja, masizi huingia kwenye oili na kuwa kama lami, chujio linaziba, injini inakosa oili na kukwama bila onyo la maana. Washa hizo ni bei ndogo, injini siyo. Wenye picha au risiti za kishika nafasi kwa gari hili, zipelekeni kituo cha polisi kilicho karibu nanyi ziunganishwe na jalada lililopo, hata kama ulitoa laki mbili.