Printa nimeinunua mimi, wino inachagua yenyewe

Haki yake niipe kwanza: inachapa, mashaallah. Picha ya bibi harusi inatoka safi mpaka mteja anaipitishia kidole kuona kama rangi itafutika. Ningeandika wiki zile za mwanzo ningeipa nyota nne bila kusita. Sasa naandika na hasira zangu, mtanisamehe.

Nina duka dogo la steshenari Ngamiani. Watu wa Tanga mnaijua Shaaban: kila nyumba inataka kuozesha kabla ya Ramadhani. Basi niko katikati ya kadi za harusi ya watu wa Mabawa, nusu zimetoka, nusu bado, printa ikagoma. Katriji haitambuliki, inasema. Katriji ileile iliyochapa jana yake! Si ya kampuni, sikatai. Ni zile za bei nafuu zinazotoka Dar, na wino wake hujazwa na fundi wangu kwa bomba la sindano. Akaja, akaichomoa, akaitazama juani. "Dada, wino umo tele. Anayekataa ni huyu." Akanionyesha kichipu ubavuni, hakifiki ukubwa wa kucha.

Kumbe usiku printa ilikuwa imejishushia apdeti kupitia Wi-Fi, hakuna aliyebonyeza kitu. Kichipu na printa huwa wanaulizana siri. Jibu likikosewa, kazi hakuna. Chipu za kuiga zilikuwa zinalijua jibu la zamani, apdeti ikabadilisha swali. Yaani hakuna kilichoungua wala kukatika. Printa nzima, wino umo, nami nimekatazwa.

Nikaenda kwa wakala mjini. Kaunta ina kijana, sikio moja kaziba na spika. Salamu hana, kiti hanikaribishi, Tanga hii hii! Nikamweleza yote. Macho hayakutoka kwenye simu: "Mama, printa ni yako. Programu iliyomo ndani si yako. Ulikubali masharti." Nikamwambia, mwanangu, nirudishie basi ile programu ya zamani. Akacheka. Akacheka kweli, na mwenzake akageuka kutazama. "Hairudi nyuma hiyo. Chukua orijino." Orijino seti nzima inakaribia bei ya printa!

Programu si yako. Maneno hayo nilikaa nayo kwenye bodaboda mpaka dukani, na usiku nikala nayo.

Binti yangu aliyeko chuo ndiye aliyeniambia kwamba ugomvi huu ni wa siku nyingi. Richard Stallman, Mmarekani wa maabara ya chuo cha MIT, alikuwa ameirekebisha programu ya printa yao ya zamani iwaarifu watu karatasi zikikwama. Karibu mwaka 1980 wakaletewa printa mpya ya kampuni ya Xerox, programu imefungwa, na mtu wa chuo cha Carnegie Mellon aliyekuwa na programu hiyo akamnyima, ameshatia saini ya kutunza siri. Mwaka 1983 Stallman akatangaza mradi wa GNU, programu ambazo mtumiaji ana ruhusa ya kuzisoma na kuzibadilisha. Naye alinyimwa programu ya printa, jamani!

Huko kwao wameshapelekana mpaka mahakamani. Lexmark, kampuni ya printa, ilimshitaki mtengenezaji wa chipu za kuiga, mahakama ya rufaa mwaka 2004 haikukubaliana nayo. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu ikasema kampuni ikishauza katriji, hataza yake, yaani haki ya mvumbuzi kuzuia wengine, juu ya katriji hiyo imekwisha. Vizuri sana, lakini hukumu haimlazimishi printa kufungua mlango. Binti kaniwekea hata Linux, mfumo wa kompyuta usiofungwa hivyo, kwenye kompyuta ya duka. Inachapa vizuri tu, ila katriji ya Dar bado inatimuliwa, maana mlinzi anakaa ndani ya printa yenyewe, kompyuta haimfikii.

Na chipu kama chipu sina ugomvi nayo. Ya kwenye kadi ya benki inanilinda na mwizi, naishukuru. Hii ya katriji mwizi wake ni nani? Mimi mwenye duka?

Orijino nikanunua, ningefanyaje, mama wa bibi harusi amesimama mlangoni. Kadi zikatoka nzuri kuliko zile za mwanzo, na hilo ndilo lililonichoma zaidi, sina hata la kulalamikia karatasini. Faida yote imekwenda kwenye wino.

Anayetaka ya biashara, atafute zile za matangi, wino unamimina mwenyewe kutoka kwenye chupa. Hii ni ya nyumbani, kwa mtu anayechapa mara moja moja: nyota tatu. Wakala hana nyota. Nikimkumbuka anavyocheka, na printa ibaki na mbili. Na sasa hivi naandika, kioo chake kimewaka, kinaniarifu kuna apdeti mpya. Moja.