Suruali ya kuendeshea pikipiki Mwanza: ipi inafaa kununuliwa kwanza

Kofia ngumu imeshazoeleka, na jaketi zito la asubuhi linavaliwa na wengi. Miguu ndiyo imesahaulika. Simama kijiwe chochote kuanzia Nyegezi hadi Igoma uangalie: kadeti, traksuti, jinzi iliyolainika magotini. Wakati pikipiki ikilala, mguu ndio unaotangulia chini, tena ukiwa umebanwa kati ya chuma na lami. Goti, nyonga na ugoko wa upande ule hupokea kishindo, kisha ngozi inaanza kusuguliwa.

Suruali ya kujikinga ina kazi mbili, na watu huzichanganya. Ya kwanza ni kitambaa kutotoboka wakati mwili unateleza. Ya pili ni pedi za magoti na nyonga kupunguza kishindo. Suruali inaweza kufaulu moja ikashindwa nyingine. Mwili ulioanguka kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, ambao ndio ukomo wa maeneo ya makazi, huteleza kama mita 15 hadi 20 kabla ya kusimama, kwa sekunde mbili au zaidi kidogo. Jinzi ya kawaida ya pamba ikipimwa kwa mashine ya msuguano hutoboka kabla sekunde moja haijaisha. Muda unaobaki unalipwa na ngozi yako.

Hapa tumepanga kwa kigezo kimoja: suruali utakayoweza kukaa nayo saa kumi kwa siku kwenye joto la Mwanza, huku unapakia na kushusha abiria, ndiyo inayokulinda. Iliyo imara kuliko zote lakini imebaki msumarini nyumbani haimlindi mtu.

Soma lebo kwanza

Suruali zilizotengenezwa kwa soko la Ulaya, na ambazo hufika kwetu mpya au kwa mtumba, mara nyingi huwa na lebo ndani ya kiuno yenye picha ya mwendesha pikipiki, herufi, na maandishi EN 17092. Kiwango hicho kilitoka mwaka 2020. Vipande vya kitambaa huzungushwa kwa kasi kisha huangushwa kwenye bamba la zege, vikwaruzwe hadi visimame. Kwa sehemu za magoti na nyonga, daraja A hupimwa kwa mwendo unaolingana na kilomita 45 kwa saa, AA kilomita 70, na AAA kilomita 120. Daraja B ni sawa na A ila haina pedi za kishindo. Daraja C ni vazi la kushikilia pedi tu, halizuii msuguano. Usilinunue ukidhani ni suruali kamili.

Kwa mwenye kuzunguka mjini, A inatosha na AA ni bora. Anayekwenda Magu, Bunda au Shinyanga kwa mwendo wa barabara kuu aanzie AA.

Pedi zina lebo yake: EN 1621-1, pamoja na herufi K kwa goti au H kwa nyonga, na namba 1 au 2. Namba 2 hupitisha nguvu ndogo zaidi: wastani usiozidi kilonyutoni 20, dhidi ya 35 za namba 1. Tafuta pia alama T+. Maana yake pedi imepimwa ikiwa na joto la nyuzi 40. Pedi nyingi za siku hizi ni laini mkononi na hukaza zinapogongwa, na joto huweza kuzilegeza kupita kiasi. Pikipiki iliyoachwa juani na pedi juu ya siti hufika joto hilo bila shida.

Nafasi ya kwanza: suruali ya kitambaa kizito yenye neti

Hii ina kitambaa kizito cha nailoni au poliesta magotini, makalioni na nyongani, halafu neti kwenye mapaja kwa mbele na wakati mwingine nyuma ya ugoko. Upepo unapita, jasho linakauka. Ikilowa mvua ya ghafla kutoka ziwani, ukiendelea na kazi inakuwa kavu ndani ya saa moja au mbili.

Nyingi za aina hii ni daraja A, chache AA. Angalia neti inaishia wapi. Ikifika juu ya nyonga au pembeni ya goti, rudisha. Sehemu hizo mbili lazima ziwe na kitambaa kizito kilichoshonwa kwa mistari miwili au mitatu ya uzi. Ishike makalioni kwa mikono miwili, vuta pande zote mbili za mshono kwa nguvu. Ukiona uzi unachungulia kama meno, mshono huo utafunguka siku ya kuanguka hata kama kitambaa chenyewe ni kizuri. Suruali nyingi huachia mshononi kabla ya kutoboka.

Udhaifu wake ni ekzosi. Nailoni na poliesta huyeyuka kwenye nyuzi 250 hivi, na bomba karibu na injini hufika joto la mia kadhaa. Pikipiki nyingi za biashara zina ekzosi kulia, kwa hiyo tafuta yenye kipande cha ngozi au kitambaa kisichoyeyuka ndani ya mguu wa kulia, kuanzia kifundo hadi katikati ya ugoko. Kama haina, fundi viatu anaweza kukiweka.

Kwa anayevuka daraja la Kigongo–Busisi alfajiri, neti itapitisha upepo wote wa ziwa. Vaa suruali ya mvua juu yake kwa kipande hicho cha safari, uivue ukifika Sengerema. Hilo ni bora kuliko kununua suruali yenye bitana isiyopitisha maji. Bitana hizo zimekusudiwa nchi za baridi; kwetu, ikifika saa saba mchana zinakulowesha kwa jasho lako mwenyewe.

Nafasi ya pili: jinzi ya pikipiki

Kwa mtu anayeshuka kwenye pikipiki na kuingia ofisini au dukani, hii ndiyo nafasi yake ya kwanza. Kuna aina mbili. Ya zamani ni jinzi ya kawaida iliyoshonewa ndani kitambaa cha njano cha aramidi, kile kinachojulikana kwa jina la Kevlar. Mpya ina nyuzi imara zilizofumwa pamoja na pamba, tabaka moja tu. Hiyo ni nyepesi na ina ubaridi zaidi.

Ukipewa ya bitana ya njano, igeuze nje ndani. Wauzaji husema “ina Kevlar” huku kipande chenyewe kikiwa kama kiganja, gotini peke yake. Inayofaa imefunikwa kuanzia kiunoni nyuma, makalio yote, nyonga zote, hadi chini ya goti. Pima pia uzito wake mkononi; jinzi nyepesi na laini kama shati, yenye unyumbufu mwingi, isiyo na lebo ya daraja, ni nguo ya mtindo. Vivyo hivyo zile zenye mikunjo magotini kama za mashindano: mikunjo ni mapambo, ndani hakuna mfuko wa pedi.

Aramidi haiyeyuki kwa ekzosi, na hiyo ni faida kubwa. Lakini jinzi ikilowa inachukua nusu siku kukauka, na wakati wa masika hilo linachosha.

Nafasi ya tatu: jinzi nzito ya kawaida pamoja na kinga za goti

Wengi wataanzia hapa kwa sababu ya bei, na ni mwanzo mzuri, mradi ujue unachopata: unalinda mifupa, hujalinda ngozi. Kuna njia mbili.

Njia moja ni kinga za plastiki ngumu za goti na ugoko, zinazofungwa kwa mikanda. Chagua zenye mikanda miwili au mitatu, mmoja juu ya goti na mwingine chini yake, na ganda lenye kiungo gotini. Zivae ndani ya suruali. Zikivaliwa nje, mikanda huanza kulegea kwa vumbi, kinga inazunguka hadi ubavuni mwa goti, na siku ya kuanguka haipo mahali pake.

Njia ya pili ni kununua pedi zenye lebo na kumpelekea fundi cherehani. Vaa jinzi, kaa juu ya pikipiki yako mwenyewe, miguu ikiwa kwenye vikanyagio, na umwambie mtu aweke alama ya chaki katikati ya goti. Usipime ukiwa umesimama. Ukikaa, suruali hupanda sentimita kadhaa na pedi itakuwa pajani. Mfuko ushonwe kwa ndani, kwa kitambaa laini cha fulana kisichochubua, mpana kuliko pedi kwa sentimita moja kila upande ili pedi isikunjike lakini isicheze. Theluthi moja ya pedi iwe juu ya alama, theluthi mbili chini, kwa sababu juu ya ugoko ndipo panapogonga. Mdomo wa mfuko uwe juu na ufungwe kwa velkro. Uzi uwe wa nailoni au poliesta, ule wa kushonea mabegi, kwa sindano nene. Uzi wa pamba wa sare za shule utaoza kwa jasho.

Fanya hivyohivyo nyongani. Watu huacha nyonga kwa sababu pedi zinaonekana chini ya nguo. Nyonga iliyovunjika inamlaza mtu kitandani kuliko goti lililochubuka.

Nafasi ya nne: ngozi

Kwa kuzuia msuguano, ngozi ya ng'ombe yenye unene wa milimita 1.1 hadi 1.3 bado inaongoza. Tumeiweka nne kwa sababu ya joto, na kwa sababu ikilowa inakauka kwa zaidi ya siku nzima, tena inakakamaa. Anayesafiri Musoma au Bukoba mara moja kwa mwezi aichukue. Wa kijiweni ataiacha nyumbani wiki ya pili.

Traksuti haina nafasi yoyote. Inayeyuka na kugandamana na kidonda.

Ukienda kwenye mitumba

Mlango Mmoja na minada ya mitumba hupata suruali nzuri za pikipiki, na mara nyingi muuzaji mwenyewe anaziita suruali za baridi. Bei hubadilika kila belo linapofunguliwa, kwa hiyo nenda na macho kuliko kwenda na bei.

Toa pedi nje. Zikunje hadi ncha zikaribiane. Zikipasuka, zikimeng'enyeka au zikibaki zimekunjika, zimekufa. Watengenezaji wengi hushauri kuzibadilisha baada ya miaka mitano hivi. Hilo lisikuzuie kununua suruali yenyewe, ila punguza bei kwa sababu pedi utanunua nyingine. Kisha inyanyue suruali uelekee juani, uweke mkono ndani ya goti na makalio. Ukiona nukta za mwanga mahali pasipo na neti, imeshateleza chini na mtu. Pasipong'aa kama pengine, palipokwaruzika na kuota manyoya, ni ushahidi huohuo. Aramidi iliyofifia kuwa ya kahawia imekaa juani muda mrefu, na nyuzi zake zimedhoofika.

Kuijaribu mwilini

Vaa, kaa kwenye pikipiki, siyo kwenye kiti. Pindo lifike kwenye kifundo cha mguu. Kama umesimama na pindo halikunjiki hata kidogo juu ya kiatu, ukikaa itakuwa fupi. Shika pedi ya goti kwa nje ujaribu kuizungusha. Ikizunguka hadi pembeni, suruali ni pana mno. Shika pindo ulivute kwenda juu. Likipanda hadi gotini, barabara nayo italipandisha. Inua mguu kama unampisha abiria ashuke: katikati ya mapaja pasikaze. Pakikaza, utaanza kuvaa suruali nyingine siku ya tatu.

Wanawake wanaoendesha wachague kwa kipimo cha nyonga, kiuno kipunguzwe na fundi. Wakianza na kipimo cha kiuno, pedi za nyonga zitapanda na kuupita mfupa zinaotakiwa kuufunika.

Kuitunza

Toa pedi kabla ya kufua. Maji yawe ya kawaida, sabuni kidogo, jiki hapana kabisa. Inaua aramidi hata kama suruali inabaki na rangi yake. Na tafadhali usiianike juu ya mawe. Tumezoea kutandaza nguo kwenye mawe ya mlimani kwa sababu zinakauka haraka, lakini mwamba wa saa nane unachoma pedi kwa chini na jua linachoma uzi kwa juu. Kamba kivulini inatosha. Vumbi likikwamisha zipu, safisha meno yake kwa mswaki mkavu kisha pitisha kipande cha mshumaa.

Suruali iliyoanguka nawe ikaguliwe siku hiyohiyo. Pedi iliyogongwa kwa nguvu ibadilishwe hata kama kwa macho haina ufa. Kitambaa kilichokwaruzwa hadi nusu ya unene kinaweza kushonewa kiraka uvae shambani, barabarani hakirudi.