Kamera nzima, msaada mbovu: uzoefu wangu na kamera ya zamani ya mtandao

Kamera yangu ni nzima. Naanza na hilo kwa sababu aliyenihudumia kwenye kitengo cha msaada cha watengenezaji wake aliniambia imekwisha, na wakati ananiambia hivyo nilikuwa nimekaa mbele ya kamera hiyo, taa yake ya kijani inawaka.

Ni kamera ya usalama ya mtandao, ya zile zinazogeuza shingo kushoto na kulia, juu na chini. Miaka mingi imelinda mlango wangu wa nyuma bila kunidai chochote. Tatizo ni ukurasa wa kuiendeshea. Waliuandika kwa ajili ya kivinjari cha Internet Explorer peke yake, na picha haionekani mpaka uipe ActiveX, programu-jalizi ya Microsoft. Microsoft waliacha kuihudumia Internet Explorer 11 kwenye matoleo mengi ya Windows 10 tarehe 15 Juni 2022. Nilipobadilisha kompyuta nikahamia Linux, mfumo mwingine usio Windows, nikabaki na kisanduku cha kijivu kinachonitaka nipakie programu-jalizi isiyopatikana tena. Kamera inaona, mimi mwenye kamera sioni.

Nikawaandikia. Sikuomba nibadilishiwe kamera wala sikuomba fundi. Niliomba kitu kimoja: orodha ya amri ambazo kamera inazipokea kwa HTTP, yaani kwa anwani kama za kurasa za mtandao, ili niiendeshe kwa terminali, dirisha la kuandikia amri. Karatasi moja ingetosha. Baada ya siku kadhaa nikajibiwa, "Ndugu mteja, kamera hiyo hatuihudumii tena. Tunakushauri ununue mpya." Nikauliza tena, kwa adabu. Jibu la pili: "Taarifa hizo si za wateja." Wakaifunga kesi yangu pale pale.

Si za wateja! Kama si za aliyeinunua, akaifunga ukutani kwa mikono yake, ni za nani?

Siku hiyo niliandika maoni ya nyota moja, nikayafuta kabla sijayatuma, kwa sababu usiku ule nilifungua msimbo wa ukurasa ule ule ulioninyima picha, nikaanza kuusoma mstari kwa mstari. Humo ndani mlikuwa na kila kitu. Kila kitufe cha mshale kinapobonyezwa kinaita anwani fulani kwenye kamera, ndani ya folda ya CGI, zilimo programu ndogo zinazopokea amri, ikifuatwa na namba ya amri. Yaani ile "siri" yao imekaa wazi ndani ya kifaa nilichokuwa nacho miaka yote.

Nikajaribu curl, programu ya terminali inayoita anwani za mtandao, kuomba picha moja. Kamera ikajibu 401, yaani sijathibitishwa. Ilitaka uthibitisho wa aina ya digest, ambao hautumi nywila yenyewe bali alama iliyokokotolewa kutokana nayo. Nikaongeza --digest, nikabonyeza, na faili la picha, JPEG, likashuka. Nikalifungua: mlango wangu wa nyuma, ndoo, kamba ya kuanikia. Sina aibu kusema nilipiga kelele. Kivinjari chochote hakikunipa picha ile, na mstari mmoja wa maandishi umenipa.

Laiti ningelala baada ya hapo. Nilitaka kuigeuza. Anwani ya kugeuza ilikuwa na vipande viwili: kwanza namba ya amri, ambayo kwa kamera hii 4 ni kushoto, kisha alama ya &, kisha onestep=1, maana yake nenda hatua moja usimame. Nikaiandika yote bila kuizungushia alama za kunukuu. Kwenye terminali, & ina maana yake: kilichotangulia kiendeshwe kwa nyuma, kinachofuata ni amri nyingine. Basi curl ikapeleka nusu ya anwani. Na onestep=1 iliyobaki terminali iliichukulia kuwa ninahifadhi thamani kwa jina onestep, ikanyamaza, bila kosa wala onyo. Kamera ikapokea "kushoto" isiyo na kikomo.

Ikaenda. Ikafika mwisho wa shingo yake, mota ikaendelea kusukuma, tak, tak, tak, sauti ya meno ya plastiki yanayorukana. Amri ya kusimamisha ni namba tofauti, nami nilikuwa bado sijaifikia kwenye ule msimbo. Nilikimbia hadi kwenye ukuta nikachomoa umeme.

Hapo ndipo hasira iliponirudia yote, na sitaificha. Namba ile ya kusimamisha ndiyo ingekuwa kwenye karatasi niliyoomba. Mtu aliyekaa na majibu mezani kwake aliona ni bora kamera yangu ivunjike, au mimi ninunue nyingine, kuliko kunakili mistari michache. Nimeshahudumia watu kazini, najua siku inavyochosha. Lakini huwezi kumwambia mtu "si za wateja" halafu ukafunga mlango.

Niliporudisha umeme kamera ilizunguka yenyewe mwisho hadi mwisho kujipima, ikatulia katikati. Haikuvunjika. Kitu kilichotengenezwa vizuri kiasi hicho kinastahili watengenezaji wenye heshima zaidi. Saa yake tu ilikuwa imerudi Januari 1970, nikairekebisha.

Tangu hapo anwani zote nazifunga ndani ya alama za kunukuu, na nimeandika skripti fupi: geuka, subiri nusu sekunde, simama. Amri ya kusimama huwa naituma mara mbili, kwa sababu sauti ile ya meno bado ninayo masikioni. Nywila nimeitoa kwenye mstari wa amri, maana hubaki kwenye historia ya terminali. Iko kwenye faili la .netrc, ambamo curl huisoma yenyewe, na ambalo mimi pekee ninaweza kulisoma. Video naipata kwa RTSP, njia ya kurushia video kwenye mtandao, kupitia programu ya ffmpeg. Mwanzoni picha ilichafuka madoa ya kijivu mpaka nilipoilazimisha itumie TCP, njia inayotuma upya data iliyopotea, kwa -rtsp_transport tcp, na kwa kuwa nainakili ilivyo bila kuisimba upya, hata kompyuta yangu kuukuu haichoki.

Kwa hiyo ningekushauri ununue kamera kama hii iliyotumika? Nilipoanza kuandika nilitaka kusema ndiyo, na nyota nne. Ila nilipochunguza milango yake ya mtandao nilikuta Telnet, njia ya zamani ya kuingia kwenye kifaa kwa mbali isiyofichwa kwa usimbaji, iko wazi, na kwenye mipangilio hakuna mahali pa kuifunga. Mwaka 2016 programu haribifu ya Mirai iliteka kamera na vinasa video vingi kwa kupitia Telnet na nywila za kiwandani, na tarehe 21 Oktoba mwaka huo vifaa hivyo vilitumika kuiangusha huduma ya Dyn, inayoelekeza majina ya tovuti kwenye anwani zake, tovuti nyingi kubwa zikapotea kwa saa kadhaa. Wenye kamera hizo wengi hawakujua kitu, kwao picha ziliendelea kuonekana. Na watengenezaji wa kamera yangu, waliojua wameacha mlango huo wazi, walichokuwa nacho cha kuniambia ni ninunue mpya.

Kwangu kamera haigusi intaneti hata kidogo. Nimezima UPnP kwenye ruta, ile inayoruhusu vifaa kujifungulia milango vyenyewe, sijafungua mlango wowote wa nje, na nikiwa mbali naingia kwanza kwenye kompyuta ya nyumbani kwa SSH, njia salama ya kuingia kwa mbali, ndipo curl inatoka humo. Kama hilo huliwezi, au huna wa kukusaidia, usiinunue. Nasema hivyo huku naipenda.

Nyota nimebadilisha mara tatu. Nne kwa kamera, hapana, tatu kwa sababu ya Telnet. Kwa kitengo cha msaada sitoi hata moja, na hilo halitabadilika mpaka waifungue tena kesi yangu na kunitumia ile karatasi, ingawa sasa siihitaji.

Nimeituma sasa hivi iangalie ngazi za mlango wa nyuma, maana nimesikia mlio. Imegeuka kulia, nusu sekunde, ikasimama. Ni paka.