Kipima soketi cha taa tatu: kinapokusaidia na kinapokupotosha

Kifaa ninachokizungumzia ni kidogo, kinaenea kiganjani: ni plagi ya kawaida ya miguu mitatu, isiyo na waya, ambayo mgongoni mwake ina taa tatu ndogo, kitufe kimoja cheusi na kibandiko kinachoeleza maana ya kila mpangilio wa taa. Unakichomeka kwenye soketi, unawasha swichi, unasoma. Nilikinunua Kariakoo kwa shilingi 18,000 baada ya soketi nne za nyumba yetu ya Tabata kufa kwa mkupuo, na kwa kuwa nimekitumia miezi saba sasa, kwangu na kwa majirani wawili, naona naweza kukieleza kwa haki. Nakipenda, na ninapendekeza kinunuliwe. Hata hivyo kina upande mmoja ambao muuzaji hakunieleza na kibandiko hakiutaji, na upande huo nusura unigharimu.

Mambo yalianzia chumba cha watoto. Pasi ikichomekwa ilipata moto kwa dakika mbili kisha ikapoa, ilhali chaja ya simu kwenye soketi hiyohiyo ilifanya kazi bila shida, kwa hiyo tukaamini kwamba pasi ndiyo mbovu. Wiki iliyofuata soketi hiyo ilizima kabisa, pamoja na mbili za sebuleni na moja ya korido. Taa za dari ziliwaka, friji jikoni iliendelea kunguruma, mita ya LUKU ilikuwa na yuniti za kutosha, na kwenye bodi hapakuwa na breka hata moja iliyojikata. Nilifanya yale ambayo mwenye nyumba anaweza kuyafanya bila kugusa waya: nilichomeka taa ya mezani niliyokuwa na hakika nayo, nisije nikailaumu soketi kwa kosa la kifaa, nikabadilisha fyuzi ya plagi yake, kisha nikaishusha breka ya soketi hadi chini kabisa na kuipandisha upya, kwa sababu breka iliyojikata mara nyingine hubaki katikati na mtu akiitazama kwa haraka atadhani imewashwa. Hakuna kilichobadilika.

Kijana wa mtaani ambaye tumezoea kumwita kwa kazi ndogondogo alikuja na testa ya bisibisi, akaiingiza kwenye tundu la kulia, taa ya testa ikawaka, akatangaza kwamba umeme upo, hivyo soketi ndizo zilizokufa. Alibadilisha mbili. Nililipia soketi mpya na ufundi, na soketi mpya nazo zikakaa kimya kama zile za zamani. Testa yake ilikuwa sahihi, ila ilijibu swali moja tu kati ya matatu: ilithibitisha kwamba waya wa moto, ule unaoleta umeme, umefika, wala haikusema lolote kuhusu nyutro, ambayo ndiyo njia ya umeme kurudi, wala kuhusu ethi, waya wa usalama unaopeleka ardhini umeme uliovuja.

Hapo ndipo niliponunua kipima. Nilianza na soketi za jikoni zilizokuwa zikifanya kazi, nikitarajia taa mbili ambazo kibandiko kinasema ndiyo hali njema, nikapata moja. Nilihama soketi hadi soketi, na kila iliyokuwa hai ilinipa taa ileile moja, ambayo kwa maelezo ya kibandiko maana yake ni kwamba ethi haipo. Kwa hiyo tulikuwa tumeishi katika nyumba hiyo, tukatumia mashine ya kufulia yenye mwili wa bati na birika la chuma, bila waya ule wa kijani na njano kufanya kazi yoyote. Kama kipima hiki kisingenipa jambo jingine, hilo peke yake lingetosha kurudisha shilingi 18,000.

Kisha nikaenda kwenye soketi zilizokufa. Taa zote tatu zilikuwa giza. Kibandiko kinasema kwa mpangilio huo kwamba waya wa moto haupo, nami nikakiamini, nikachukua bisibisi nifungue kifuniko nitazame kama kuna waya uliochomoka. Kilichonizuia ni kumbukumbu ya testa ya yule kijana, iliyowaka waziwazi kwenye soketi hiyohiyo siku tatu zilizopita. Vifaa viwili havikupatana, na chenye kusema kwamba kuna hatari kilikuwa kile cha bei rahisi. Niliweka bisibisi chini, nikampigia simu fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, ambaye jirani alinielekeza.

Maelezo aliyonipa alipofika ndiyo yaliyonifanya niandike tathmini hii. Kipima cha taa tatu hakinusi umeme, bali kinalinganisha. Kila taa imefungwa kati ya nyaya mbili, na haiwezi kuwaka mpaka umeme upate pa kutokea na pa kurudia. Nyutro ikikatika lakini ethi ikiwa nzima, bado taa iliyo kati ya waya wa moto na ethi itawaka, nawe utajua kwamba kuna jambo. Nyutro ikikatika katika nyumba ambayo ethi pia haipo, kama ilivyokuwa kwetu, hakuna njia ya kurudi hata moja. Taa zote zinazima, na soketi yenye volti 230 upande wa kulia inaonekana kama maiti. Ndiyo maana kibandiko kingepaswa kusema kwamba giza maana yake ni "waya wa moto haupo, au njia za kurudi hazipo", na hiyo "au" si jambo dogo kwa mtu aliyeshika bisibisi ya chuma.

Fundi alinionyesha jambo jingine ambalo bado linanishangaza. Aliiacha taa ya mezani ikiwa imechomekwa na kuwashwa katika soketi moja iliyokufa, akapima soketi ya pili kwa testa, na matundu yote mawili, la kulia na la kushoto, yakawasha testa. Umeme ulikuwa ukipita ndani ya balbu, ukavuka kwenda upande wa nyutro, ukakwama hapo kwa kukosa pa kurudia. "Mama, ukiona testa inawaka kote kote na taa yako haiwaki," alisema, "tafuta nyutro, usitafute soketi."

Hakuifungua hata moja kati ya soketi zilizokufa. Katika nyumba iliyofungwa waya kwa mnyororo, umeme ukitoka kwenye bodi na kupita soketi moja hadi nyingine, kosa huwa ama katika soketi ya kwanza iliyokufa ama katika ya mwisho iliyo hai, na watu wengi huisahau hiyo ya mwisho kwa kuwa haijalalamika. Kwetu ilikuwa ile iliyo nyuma ya friji. Alizima swichi kuu, akapima kwa mita ya namba baada ya kuijaribu kwanza mahali alipojua kuna umeme, ili asije akadanganywa na mita mbovu, ndipo akafungua skrubu mbili za kifuniko. Nyaya mbili za nyutro zilikuwa zimebanwa chini ya skrubu moja. Ule unaotoka kwenye bodi ulikuwa umeshikwa barabara, ndiyo maana friji haikuwa na neno; ule unaokwenda kwenye soketi zilizofuata ulikuwa umelegea, ganda lake jeusi limegeuka rangi ya kahawia na kukauka kama ganda la karanga, na plastiki ya soketi upande ule imeyeyuka kidogo. Harufu iliyotoka humo niliitambua mara moja. Kwa wiki mbili nilikuwa nimeisafisha friji ile nikitafuta samaki aliyeharibika, kumbe plastiki ya vifaa vya umeme ikipata moto kupita kiasi inaweza kutoa harufu ya namna hiyohiyo.

Hapo pasi nayo ikapata maelezo. Pasi ya wati 2,000 huvuta karibu ampea 9, na mshikamano uliolegea ukipitishiwa mzigo huo hupata moto, hutanuka na hatimaye huachia. Chaja ya simu inavuta kidogo mno kiasi kwamba hata waya unaoning'inia unaitosha. Udhaifu huo ni wa kipima pia. Taa zake zinatumia umeme kiduchu, hivyo soketi yenye skrubu iliyolegea inaweza kuonekana nzima asubuhi na kuzima jioni utakapochomeka birika. Kipima hakiondoi haja ya kujaribu soketi kwa mzigo wa kweli, wala haja ya kuigusa plagi baada ya kazi na kujiuliza kwa nini ina joto.

Ethi ilichukua muda mrefu zaidi. Nondo ya ethi ilikuwepo nyuma ya nyumba, imechimbiwa ardhini kama inavyotakiwa, lakini waya wa shaba uliotoka kwenye bodi kwenda kwenye nondo ulikuwa umekatwa kwa koleo karibu na ukuta. Shaba ina soko kwenye skrepa, na waya ule ulikuwa nje, kimo cha goti. Fundi aliuweka upya ndani ya bomba la plastiki na kulifunga ukutani.

Kazi ya kile kitufe cheusi niliielewa siku hiyo. Kinavujisha umeme kidogo kwa makusudi kutoka kwenye waya wa moto kwenda kwenye ethi, ili kujaribu kama kinga ya uvujaji wa umeme iliyoko kwenye bodi, ya miliampea 30, itajikata. Kabla ya matengenezo nilikuwa nimekibonyeza mara nyingi bila kitu kutokea, ilhali kitufe cha majaribio cha kinga yenyewe kiliikata kila mara. Niliona kitufe cha kipima kibovu. Kumbe hakikuwa na pa kuvujishia, kwa kuwa ethi haikuwepo, na cha bodi hakihitaji ethi ili kifanye kazi yake. Fundi alipomaliza alinipa kipima nikibonyeze mwenyewe, nyumba nzima ikazima kwa sauti ya "tap", na watoto wakapiga kelele kutoka sebuleni kwamba katuni imekatika.

Mapungufu mengine ni madogo ila yanaudhi. Maandishi ya kibandiko ni ya Kiingereza na ni madogo kiasi kwamba nilihitaji miwani na tochi ya simu. Mchana kweupe, karibu na dirisha, taa hazionekani mpaka uzikinge kwa mkono. Kipima hakiwezi kutambua soketi ambayo nyutro na ethi zimebadilishana nafasi, kosa ambalo fundi asiye makini anaweza kulifanya. Kitakupa taa mbili za hali njema na kukuacha na hatari. Hakipimi ubora wa ethi pia: ethi iliyo hafifu na ethi iliyo imara vinaweza kuwasha taa ileile.

Kwa anayehamia nyumba ya kupanga ningesema akinunue kabla hajasaini mkataba, azungukie soketi zote kwa dakika kumi mbele ya mwenye nyumba, na palipokosekana taa ya ethi adai matengenezo kabla ya kuingiza vyombo. Kwa ambaye soketi zake zimekwisha kufa, anunue na testa ya bisibisi ya shilingi elfu mbili tatu aviweke pamoja droo moja. Na taa zote tatu zikiwa giza, ahesabu kwamba soketi ina umeme mpaka fundi mwenye mita athibitishe vinginevyo.